Nguchiro Waliohamia Jikoni Kwangu

Jumatatu, 7 Agosti

Naanza kuandika haya kwa sababu dhamiri inanisumbua, na kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Amesema mambo mengine niiambie karatasi, karatasi haina usingizi.

Mimi ni mpishi wa kambi ya utafiti wa wanyama. Nimepika hapa tangu kambi ikiwa mahema mawili na mafiga. Siku hizi kuna nyumba za bati, tangi la maji, choo cha kuvuta. Mimi bado niko na moshi wangu. Macho mekundu kama ya mlevi, na pombe sinywi.

Habari ya leo. Mzee mfuatiliaji amestaafu. Ndiye aliyekuwa akitoka kila alfajiri na antena kuwatafuta nguchiro wa Daktari. Kaaga, kaenda kuishi kwa binti yake. Asubuhi Daktari katuita barazani, akasema haleti mtu kutoka nje. Kazi itakwenda kwa mmoja wetu, mimi au dereva. Tutapokezana, siku yangu siku yake. Profesa wake atakuja kukagua kazi Jumamosi ya wiki ijayo, na mbele yake atamtaja atakayemfaa.

Dereva ni shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wao. Mimi ndiye niliyemleta hapa. Mimi ndiye niliyemsifia kwa Daktari kwamba ni kijana mtulivu, hana papara. Najuta. Ni mtulivu kweli.

Kazi hii naitaka. Naandika wazi, hapa hapana wa kunicheka. Nataka kofia pana na darubini shingoni. Nataka watu waniulize "leo wako wapi?" badala ya "leo kuna nini?"

Nimeomba nisiingiwe na tamaa. Kisha nikaijaribu kofia ya mzee, kaisahau msumarini. Inanienea.

Jumanne, 8 Agosti

Zamu yangu ya kwanza. Nisingependa kuieleza lakini nimeahidi ukweli.

Nguchiro wa Daktari ni wanyama wadogo, wembamba, wana miraba mgongoni kama shati la mfungwa. Wanatembea kundi zima, pua chini, wanachakura wadudu. Kiongozi wao ni jike kongwe mwenye sikio lililochanika. Tunamwita Bi Mkubwa. Kavishwa kola yenye redio. Ukiielekeza antena aliko, unasikia tik, tik, tik. Ukimkaribia, tik inakuwa kali. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Mtoto anaweza.

Nikatoka kabla ya jua. Nikasikia tik dhaifu. Nikageuka, ikawa kali. Nikaifuata kwa kunyata, tumbo likiburuza majani, kama nilivyokuwa nikimwona mzee akifanya. Tik ikazidi. Nikapita kwenye miiba, nikapita nyuma ya tangi la maji. Tik ikawa kali mpaka sikio likauma. Nikainua kichwa taratibu.

Nilikuwa dirishani kwa Daktari. Anapiga mswaki. Juu ya meza yake kuna kola ya akiba, inatoa tik.

Akaniuliza kwa upole, mdomo umejaa povu, kama nimewapata. Nikasema bado natafuta.

Sikuwapata siku nzima. Chai ya asubuhi ikanywewa saa ya chakula cha mchana. Shemeji alinipokea antena, akaigeuza. Kumbe niliishika nyuma mbele. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Jumatano, 9 Agosti

Zamu ya shemeji. Kawapata nguchiro kabla uji haujachemka, kwenye kichuguu cha ng'ambo ya kijito. Karudi hana hata jasho.

Mchana Daktari katandaza ramani juu ya meza yangu ya jikoni, maana ndiyo meza kubwa. Ikabidi nisogeze vitunguu. Ramani imejaa vitone. Kila kitone ni mahali Bi Mkubwa alipoonekana. Daktari kazungushia mstari vitone vyote, akasema ndani ya mstari huo ndimo lilimo eneo la maisha la kundi. Wanamolala, wanamokula, wanamotafuta wachumba, na wanamokimbilia wakimwona tai.

Nikamuuliza nani kawachorea mpaka. Akafurahi kwa swali. Akasema hakuna anayewachorea. Chakula ndicho kinachoanza. Kikiwa kichache, kundi linatembea mbali na eneo linapanuka. Kikiwa tele mahali pamoja, wanakaa hapo na eneo linasinyaa. Halafu kuna maji, kuna vichuguu vya kulala, kuna hatari. Na kuna majirani. Huku mlimani lipo Kundi la Mwamba, ugomvi wao na la Bi Mkubwa ni wa siku nyingi. Wanapaka harufu kwenye mawe ya mpakani, kuambiana mwisho wako hapa. Wakati mwingine majike wenyewe ndio wanaochokoza vita, ili katika ile vurugu wakonyezane na madume ya upande wa pili.

Shemeji akasema hata harusini kwao ilikuwa hivyo. Tukacheka wote. Ndugu wa mke wangu ni watu wa kuchekesha, sikatai.

Lakini mimi kichwani limebaki neno moja tu. Chakula kikiwa tele mahali pamoja, wanakaa hapo.

Najua ninachokiwaza. Nisiwaze.

Nguchiro wanapenda mayai kuliko kitu chochote. Mzee alishaniambia.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimekosa. Jana jioni niliweka mayai manne karibu na shimo la taka, nyuma ya jiko. Nilijiambia hayo mayai yalikuwa na nyufa. Mawili yalikuwa na nyufa. Moja nililipasua mimi.

Leo alfajiri, zamu yangu, nafungua mlango wa jiko, kundi zima hilo hapo. Bi Mkubwa kalishika yai kwa mikono ya mbele, kalipa jiwe mgongo, kalirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake kama mchezaji anayepiga pasi ya kisigino. Paa. Likapasuka. Watoto wakalamba.

Nikaita kwenye redio ya mkononi kwa sauti ya mtu aliyetembea sana. Nikahema kidogo. Daktari kaja mbio na buti hazijafungwa kamba. Kanishika mkono, kasema kazi nzuri.

Mtu hajaniambia kazi nzuri tangu nilipopika kwenye msiba wa baba mkwe.

Shemeji kaja nyuma yake. Kaniangalia miguuni, akasema, "Shemeji, umetembea mbali. Kandambili zako hata vumbi hazina."

Nimetubu. Mara moja inatosha.

Ijumaa, 11 Agosti

Zamu ya shemeji, na mimi sikuliwaza hilo. Nguchiro hawajui zamu.

Kafungua mlango wa chumba chake, mswaki mdomoni, kawakuta wamekaa kwenye shimo langu la taka wanangoja kifungua kinywa. Akaita kwenye redio huku amevaa shuka. Daktari kasema siku mbili mfululizo mahali pamoja, ajabu sana. Akamwambia shemeji kazi nzuri.

Kazi nzuri ileile. Kwa mayai yangu.

Daktari na shemeji walipoondoka niliwafukuza nguchiro na mwiko. Wamekwenda hatua chache, wakageuka, wakasimama kwa miguu ya nyuma kunitazama wote kwa pamoja, kama wageni walioambiwa chakula kimekwisha na harufu wanaisikia.

Nahitaji mahali pengine. Mahali ninapopajua mimi peke yangu.

Jumamosi, 12 Agosti

Kipo kichuguu kikubwa nyuma ya kilima, kimebomoka upande mmoja, kina mashimo mengi na mawe. Pazuri. Hakuna anayepita. Nikachukua mayai, nikayapanga kwenye mifuko ya suruali na mengine ndani ya kofia. Mpango: nguchiro wanifuate mpaka huko, kisha niwakute huko, kisha niite.

Kunifuata walinifuata. Hata sikuhitaji antena. Mpishi anapanda kilima, nyuma yake mstari wa nguchiro. Nilijiona kama mwalimu wa chekechea.

Kufika kwenye korongo dogo nikaruka. Ndipo nilipokumbuka mifuko.

Nguchiro walinipanda. Sina neno jingine. Walinilamba suruali wakiwa wamening'inia. Bi Mkubwa aliingiza kichwa kizima mfukoni na hakutaka kukitoa. Niliita kwenye redio nikiwa nimelala chali, nikasema nimewapata, wapo karibu. Daktari alipofika nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimejifunika kofia mapajani. Kasema hajawahi kuwaona wametulia kiasi hiki mbele ya mtu. Kasema nina kipaji.

Nimefika nyumbani, mke wangu kaichukua suruali ya kufua. Kaishika kwa vidole viwili, kaiinua kwenye mwanga.

Akauliza, "Baba watoto, hii suruali imetaga?"

Nimemwambia ni ajali ya kazini. Kasema kazi gani. Nikanyamaza. Yeye humnyamazii bure. Kesho Jumapili atakuwa anajua yote.

Jumanne, 15 Agosti

Anajua yote. Kasema niache. Kasema yule Daktari ni mtoto wa watu, kakesha miaka kwa ajili ya hao wanyama, na mimi nawachezea kama kuku wa nyumbani. Kasema na mdogo wake nisimdhulumu. Nikamwambia nitaacha mara tu nikishapata kazi. Akasema ndivyo hata walevi wanavyosema.

Amesema kweli. Naiandika hapa ili nisiisahau: amesema kweli.

Hata hivyo nimegundua jambo. Yai likichemshwa halipasukii mfukoni.

Leo nimebeba yaliyochemshwa, yote salama mpaka kichuguuni. Nguchiro mwanzoni wakanishangaa. Wanayarusha kinyumenyume, paa, hayamwagiki. Wakayatazama, wakanitazama. Kisha Bi Mkubwa akalitafuna na ganda lake, wengine wakafuata. Wamezoea kwa haraka kuliko watoto wangu.

Shida ni kwenye meza ya chai. Daktari kauliza mbona wiki nzima hakuna mayai. Nikasema kuku wa muuzaji wamegoma. Shemeji akauliza wanadai nini.

Mchana ramani tena juu ya meza yangu. Zamani eneo la kundi lilikuwa pana, limetambaa kufuata kijito mpaka miti ile mirefu. Sasa vitone vyote vipya vimerundikana mahali pawili, jikoni na kichuguuni. Katikati hamna kitu. Daktari kashika kichwa. Kasema labda kuna tai mpya anawatisha. Labda ukame. Labda ugonjwa. Kapima maji ya kijito. Kakagua vinyesi mpaka jua likazama. Kisha kanigeukia mimi, mfuatiliaji mwenye kipaji, akaniuliza mimi naonaje.

Ningeweza kusema hapohapo. Mdomo niliufungua kabisa. Ukatoka uongo. Nikasema naona ni upepo.

Akaandika. Sijawahi kuona neno langu likiandikwa na mtu aliyesoma hivyo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha nikaongeza: na mwezi.

Jumatano, 16 Agosti

Nimekamatwa. Si na Daktari. Na shemeji.

Natoka stoo na gunia la unga begani, nakwenda jikoni. Sina yai hata moja, nipo safi kama maji. Nasikia kimya cha ajabu. Nageuka. Nyuma yangu Bi Mkubwa, nyuma yake kundi zima, mstari mmoja, mkia juu. Nikasimama, wakasimama. Nikapinda kushoto, wakapinda kushoto.

Shemeji alikuwa chini ya gari anakaza nati. Nikaona macho yake tu. Akajivuta nje taratibu, akafuta mikono, akaangalia ule mstari mpaka mwisho wake.

Nikamwambia wanyama hawa wananipenda, sijui kwa nini. Akasema ndiyo, hata mbuzi wanampenda mwenye chumvi.

Nikamwomba asimwambie Daktari. Nilimwita mdogo wangu, nikamkumbusha siku niliyomleta hapa. Ni aibu, najua. Akasema, "Shemeji, mimi nikushitaki wewe, dada yangu nitamtazama vipi? Kula raha. Hao nguchiro watakushitaki wenyewe."

Kisha akaomba apikiwe yai. La kukaanga, na kitunguu. Akala amesimama mlangoni, polepole, ananiangalia. Ni mtulivu mno yule.

Zaidi ya hapo kanipa habari iliyonikaa vibaya. Leo, kwenye zamu yake, kaona nyayo nyingi mpya kwenye mawe ya nyuma ya kilima, na harufu mbichi imepakwa kila mahali. Si ya kundi letu. Ni Mwamba. Wamenusa kitu huko wanakipenda.

Nimemwuliza kama kile kichuguu kipo mpakani. Kasema shemeji, kipo juu ya mpaka wenyewe. Kama umekaa kwenye uzio.

Jumamosi, 19 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Profesa alikuja jana jioni. Mzee mrefu, mwembamba, soksi kazipandisha juu ya suruali. Anamsalimia kila mtu kwa mikono miwili, hata mimi, hata mke wangu. Daktari hakula. Kashinda anapanga karatasi zake.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeapa kwenda mikono mitupu. Kisha nikawaza, mbele ya Profesa, nikiwakosa? Nikayaweka mayai kichuguuni mapema, mengi kuliko siku zote. Yaliyochemshwa. Nikarudi, nikavaa kofia, nikawaongoza wote: Profesa, Daktari, shemeji kabeba kiti cha kukunja cha mgeni. Nikiwa mbele na antena nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba nahisi wapo nyuma ya kilima.

Tukafika. Profesa akaketi. Kundi la Bi Mkubwa likaja kutoka bondeni, kama vile nimewapa kadi ya mwaliko. Daktari akaanza kueleza habari za eneo lililosinyaa. Profesa anatikisa kichwa, amependa. Mimi nyuma yao nimesimama mikono kiunoni. Nilikuwa mfuatiliaji. Kwa kitambo kidogo, nilikuwa.

Kundi la Mwamba likaibuka juu ya mawe.

Nimeona watu wakigombana kwenye foleni ya maji. Sijaona kitu kama hiki. Pande zote zikajikusanya, manyoya yamesimama, wanalia kama mabawaba yasiyotiwa mafuta. Kisha wakarukiana. Vumbi. Meno. Mikia. Wanapita chini ya kiti cha Profesa, huku na huku, naye kainua miguu yote miwili juu. Katikati ya vita, dume moja la Mwamba na jike letu wamejitenga nyuma ya jiwe, wana mambo yao. Daktari hakusema uongo.

Na Bi Mkubwa, vita haimhusu. Kapata yai. Kalipa jiwe mgongo, kalirusha. Yai likagonga jiwe, likaruka, likabingirika, likasimama kwenye kiatu cha Profesa.

Vita ikaisha kila upande ukikimbilia kwake. Profesa akashusha miguu, akaokota yai. Akalimenya kidogo kwa ukucha. Akalitazama. Akatuuliza, kwa upole wa kweli, ni ndege gani wa huku anayetaga yai lililoiva.

Shemeji alikuwa anaangalia mawingu.

Profesa akamega kipande, akaonja. Akasema, na chumvi.

Ni mazoea. Siwezi kuchemsha yai bila chumvi, nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Daktari hakugeuka kunitazama. Aliona kwanza kitu kingine. Mtoto wa nguchiro, wa kwetu, alikuwa anarudi bondeni kwa miguu mitatu. Wa nne kaukunja, una damu. Alimwangalia mpaka akaingia kwenye majani. Ndipo akageuka.

Nikavua kofia.

Jumapili, 20 Agosti

Nimesema yote. Barazani, mbele ya Profesa, shemeji na mke wangu. Mayai, shimo la taka, kichuguu, upepo, mwezi. Nilidhani Daktari atanifokea. Alinisikiliza mpaka mwisho na mikono kapakata, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Profesa alicheka mpaka akafuta macho. Akasema miaka yote anafundisha kwamba chakula kinaweza kulihamisha eneo la mnyama, na hajawahi kuona mtu akilionyesha waziwazi namna hii, tena kwa trei moja ya mayai. Nikaanza kuinua kichwa.

Daktari hakucheka. Akasema kuonyesha kitu ni kuamua mapema, kuomba ruhusa, na kuwa tayari kuacha ukiona mnyama anaumia. Mimi sikuamua, sikuomba, na mtoto anachechemea. Akasema wale nguchiro walikuwa na mpaka wao, wameujenga kwa harufu na kwa vita walizokwisha pigana, na majirani wameuheshimu. Nikaja mimi nikaweka meza ya chakula katikati.

Nililia kidogo. Sikujilazimisha.

Kazi kapewa shemeji. Hiyo ni haki. Mimi nimebaki jikoni kwa masharti: shimo la taka lifunikwe kwa bati leo leo, maganda yachomwe, na hakuna hata punje itakayotupwa nje. Na kila siku nisaidie kuhesabu kama kundi linarudi kwenye eneo lake la zamani, ili angalau tujue inachukua muda gani kuponya nilichoharibu. Daktari akaniapisha. Nimeapa: sitamlisha nguchiro tena, wala sitatoa yai jikoni ila juu ya sahani.

Mke wangu alinishika bega tukirudi. Akasema afadhali nimelia mbele za watu, nyumbani huwa hajui ni vitunguu au ni mimi.

Nikamfuata shemeji kwenye gari, nikampa mkono, nikamvisha ile kofia. Imemkaa vizuri kuliko mimi. Akasema, "Usijali, shemeji. Ukitaka kujua wako wapi, niulize tu."

Ijumaa, 25 Agosti

Habari njema. Siku mbili za mwanzo walikuja kukaa mbele ya bati langu, wananitazama. Nilijifungia ndani. Bi Mkubwa alilikwaruza bati, akasimama, akanikoromea kama mama mkwe. Nikavumilia. Jumatano hawakuja. Leo shemeji kaita kwenye redio: wapo ng'ambo ya kijito, kwenye miti mirefu, wanachakura majani makavu kama zamani. Yule mtoto yuko nao. Anachechemea bado, lakini mguu anaukanyaga.

Nilikuwa nasonga ugali, nikaacha mwiko. Nilifurahi kweli. Naandika hili kwa moyo safi kabisa: mnyama akae anapotaka mwenyewe. Nimeelewa. Daktari kaja jikoni kuniwekea kitone kipya kwenye ramani nikione. Kanywa chai hapohapo na kula yai, kwenye sahani.

Tumeongea vizuri. Kasema Profesa ameridhika, na mwakani wanataka kuanza kumfuatilia chui dume wa mlimani. Huyo eneo lake ni kubwa mno, nguchiro wote hawa wanaenea kwenye kona yake moja. Anazunguka peke yake, anapaka harufu kwenye miti, leo huku kesho kule, hakuna anayejua anapita wapi. Atahitajika mfuatiliaji wa pili. Mtu mwenye subira, anayeweza kusema kwa hakika chui yuko wapi.

Alipokuwa akisema hivyo alikuwa ananitazama. Au alikuwa anatazama birika nyuma yangu.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimekisoma tena kiapo changu, kipo hapo juu kwa mwandiko wangu. Nguchiro. Mayai. Hakuna kingine. Nimekisoma mara mbili ili nisije nikakosea, maana mimi sasa ni mtu mwingine.

Mguu wa mbuzi uliobaki Jumapili ungeharibika tu.

Nimeutundika kwenye mti ulio nyuma ya chumba chetu. Sikuupeleka mbali, safari hii sitaki kusumbua mipaka ya mtu. Na ukiwa karibu nitamwona yule dume wa mlimani bila kuhangaika na viatu wala antena. Mke wangu kauliza kwa nini nimekisogeza kitanda upande ule. Nimemwambia nataka hewa.

Dirisha nimeliacha wazi kidogo, nisije nikamkosa.